Sidiria ya Wa Kushoto

Jumatatu asubuhi Fundi alifungua simu asome maoni ya wateja wake kabla hajatia uzi kwenye cherehani, akakuta blogu yake haipo. Hapakuwa na picha, hapakuwa na makala, hata jina lake halikuwepo. Palikuwa na ukurasa mweupe na mstari mmoja tu: blogu hii imeondolewa kwa kukiuka masharti. Akaizima simu, akaiwasha tena. Mstari ulikuwa palepale.

"Katibu! Hebu njoo huku," alimwita mumewe. "Sijui ni macho yangu au ni hii simu."

Mumewe alikuwa chumbani anavaa viatu. Mtaa mzima ulimwita Katibu kwa sababu alifanya kazi kwenye duka la kutoa kopi, na kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akiwapigia watu chapa barua zao: za kuomba kazi, za kuomba radhi, za kumshtaki jirani kwa sababu ya mtaro. Aliposikia neno blogu alisimama na kiatu kimoja mguuni. Hakuwa na haja ya kuiona hiyo simu, maana alijua. Lakini alikwenda, akaishika, akakunja uso kama mganga anayetafuta la kusema.

"Mh. Mtandao tu huo," alisema. "Utarudi."

Akaondoka kwenda kazini bila kunywa chai. Njiani nafsi ilimsuta, akaiambia inyamaze.

Sasa, blogu yenyewe haikuwa ya umbea wala ya kuuza mawigi. Fundi alishona sidiria za wanawake waliokatwa titi hospitalini. Upande mmoja huacha kama kawaida, upande wa pili hutia kifuko cha pamba na punje za mtama, upate na uzito, mwili usije ukalalia upande mmoja. Vitu hivyo madukani havipo, na vikiwepo, ni mwanamke gani atasimama mbele ya kijana muuzaji aanze kumweleza? Kwa hiyo walimwandikia Fundi. Waliandika vipimo vyao chini ya makala, kwa majina ya kubuni, na baada ya vipimo wakaanza kuandika mengine. Mmoja alisema mumewe amehamia chumba cha watoto. Mwingine alisema leo amejitazama kwenye kioo kwa mara ya kwanza. Wakajibizana wao kwa wao, wakachekeshana, wakapeana moyo. Fundi alikuwa akisoma huku anashona, mara acheke, mara ajifute macho kwa kitambaa kilicho karibu.

Aliyempenda kuliko wote alijiita Wa Kushoto. Huyu hakuwahi kutoa namba ya simu, kwa sababu simu yake, alisema, ni kama redio ya familia, kila mtu anaifungua. Binti yake alikuwa anaolewa Jumamosi ya wiki hiyohiyo. "Mwanangu kaninunulia gauni la kubana," aliandika. "Sikuwa na moyo wa kumkatalia. Nishonee, Fundi, nisimame kwenye picha kama mama wa watu." Akaleta vipimo, akasema katikati ya wiki ataandika atamtuma nani aje kuichukua.

Sidiria ilikuwa imekwisha. Ilining'inia kwenye msumari juu ya cherehani, rangi ya krimu, na lesi kidogo ubavuni ambayo Fundi aliiweka bila kuombwa. Na sasa mwenyewe hajulikani jina, hajulikani anaishi wapi, na mahali pekee alipojua kubisha hodi pamefungwa.

* * *

Jumanne alikuja mdogo wake Fundi, ambaye ni nesi. Ndiye aliyekuwa akiwanong'oneza wanawake wodini kwamba kuna mahali pa kushonewa. Na ndiye, wiki iliyopita, aliyekaa kwenye kompyuta ya shemeji yake akabadilisha picha ya juu ya blogu.

"Ulibonyeza nini?" Fundi alimwuliza hata hajakaa.

"Dada, nimebadilisha picha tu."

"Picha tu! Blogu imekaa miaka miwili haijawahi hata kukohoa. Wewe umeigusa Alhamisi, Jumatatu imekufa. Nani mwingine ameigusa? Paka?"

"Dada, haiwezekani picha moja..."

"Wewe siku zote unajua. Tangu utoto. Ulijua kutengeneza saa ya baba mpaka leo haijatembea." Fundi alitupa mkasi mezani. "Yule mama anaoza mtoto Jumamosi. Atavaa nini? Atavaa ujuaji wako?"

Nesi alimtazama shemeji yake. Hakumtazama kwa kumtuhumu, la. Alimtazama kama mtu anayeomba kuongezewa neno moja la utetezi, kwa kuwa kwenye nyumba ile mambo ya mashine na barua aliulizwa yeye. Katibu alikuwa amekaa karibu na dirisha, amefungua gazeti la juzi.

"Mambo ya mtandao haya," alisema, "huwezi kujua."

Basi. Hayo ndiyo aliyoyasema mwanamume mzima na ndevu zake. Nesi akachukua mkoba, akaaga kwa sauti ndogo, na Fundi hakuitikia. Katibu aliendelea kulitazama gazeti. Alisoma tangazo moja la kuuza mabati mara nne, na ukimwuliza leo bei ya yale mabati hawezi kukwambia.

* * *

Ukweli ulikuwa hivi. Barua za onyo zilikuja tatu, na zote zilikuja kwenye anwani ya barua pepe ya Katibu, kwa sababu yeye ndiye aliyeifungua ile blogu. Ya kwanza ilikuja miezi miwili nyuma, akiwa kaunta kazini. Ilisema blogu yako imeripotiwa kuwa na picha za utupu. Tafadhali toa maelezo. Mbele yake alikuwa amesimama mwalimu mkuu wa shule ya jirani akisubiri kopi za mitihani, ameegemea kaunta, na macho ya mwalimu mkuu mnayajua, hayana mipaka. Katibu aliona yale maneno, picha za utupu, yameandikwa wazi chini ya jina la mkewe. Masikio yakamchemka. Akaifuta.

Maelezo yenyewe yalikuwa mistari miwili. Angeandika kwamba hizi ni sidiria za wagonjwa, basi, yangekwisha. Yeye aliyeandikia nusu ya mji maelezo ya kila aina! Ya pili ilipokuja alijiambia ni matapeli. Ya tatu aliifuta bila kuifungua, akaenda kunawa mikono.

Wala si hilo tu. Miaka miwili nyuma, walipokuwa wanachagua mahali pa kuiweka blogu, Nesi alikuwa amewaletea karatasi aliyoandika kwa mkono wake. Kuna mahali pa bure, alisema, na kuna mahali pa kulipia. Pa bure nyumba si yako, umepangishwa bila mkataba, siku mwenye nyumba akikasirika unakuta kufuli. Pa kulipia unapata jina lako mwenyewe, unatoa nakala ya kila kitu ukaiweka kabatini, na ukiwa na shida unamwandikia mtu anakujibu. Tatizo, kulipa kulitaka kadi ya benki, na mwenye kadi alikuwa Nesi peke yake.

"Tutumie yangu, shemeji," alisema. "Ni ada ndogo tu ya mwezi."

Katibu alicheka siku ile. "Nyumba yangu iendeshwe na kadi ya shemeji? Watu wataniita nani?" Akachagua ya bure. Akambonyezea mkewe kila kitu kwa vidole kumi, bila kutazama herufi, na Fundi akamtazama kwa fahari, akasema, huyu ndiye Katibu wangu.

Fahari ile ndiyo aliyoogopa kuipoteza sasa.

* * *

Jumatano mchana Nesi aliingia dukani na sare yake ya kazi. Akapanga foleni kama watu wengine, nyuma ya bwana mmoja mwenye hati ya kiwanja. Zamu yake ilipofika alisema, "Habari za kazi, shemeji. Nimetuma kitu kwenye anwani ya duka. Naomba unitolee karatasi moja."

Katibu akakifungua. Yalikuwa majibu ya kampuni ya blogu. Nesi alikuwa amewaandikia kuwauliza kwa niaba ya dada yake. Walisema wanasikitika, akaunti imefutwa na yaliyomo hayawezi kurudishwa. Walisema pia kwamba mwenye akaunti alitumiwa maonyo matatu, na tarehe zake ni hizi. Wakaziorodhesha. Mbele ya kila tarehe palikuwa na neno moja: imepokelewa.

Mashine ilinguruma, karatasi ikatoka, ina joto. Katibu aliishika na hakuweza kuinua kichwa.

"Shemeji..."

"Bei gani?" Nesi aliuliza.

"Aa, acha, shemeji. Wewe ni..."

"Hapana. Ni bei gani?"

Akataja. Nesi akaweka sarafu kaunta, akaikunja karatasi mara mbili, akaitia mfukoni. "Dada hajaiona," alisema polepole. "Mimi sitamwonyesha. Kesho jioni nikitoka zamu nakuja tuchague mahali papya. Nimemwomba kwa ujumbe, amekubali, ingawa salamu yangu hajaijibu." Akageuka, kisha akarudi hatua moja. "Wodini wamenisimamisha watatu leo. Wananiuliza kama Fundi amekufa."

Akaenda zake. Aliyekuwa nyuma yake akasogea na cheti cha kuzaliwa, akasema anataka nakala tatu, na Katibu akamtolea saba.

* * *

Alhamisi jioni walikaa watatu kwenye meza ya kukatia. Fundi alikuwa amesogeza vitambaa upande mmoja. Nesi alikuja na karatasi nyingine ya mkono, maana hakuwa mtu wa kukata tamaa, akaanza kueleza. Fundi alimsikiliza huku anatazama ukuta.

"Hapa pa kwanza ni rahisi, ila wana masharti makali kuhusu picha za mwili," alisema Nesi. "Hapa pa pili pana duka tayari, mteja anaagiza palepale, ila watu hawawezi kujibizana vizuri. Na wako wanajibizana, dada, ndiyo raha yao. Pa tatu panaruhusu yote. Nimewauliza kabisa kuhusu picha. Wamesema kama ni za matibabu hawana neno. Na kila wiki unaweza kutoa nakala."

"Basi tuchukue hapo," alisema Fundi. "Lakini safari hii wewe usiguse kitu. Atabonyeza shemeji yako."

Nesi aliinamisha kichwa. Kidole chake kilikuwa bado kwenye karatasi, kikabaki hapohapo kama kimesahauliwa.

"Wanauliza," alisema, "barua zao ziende kwenye anwani ya nani."

"Ya Katibu, kama zamani. Si ndiye mtu wa barua?"

Juu ya vichwa vyao ile sidiria ilikuwa inaning'inia kwenye msumari. Katibu alifungua mdomo, akaufunga. Alifikiri, nikinyamaza sasa, nitanyamaza mpaka kufa.

"Zisije kwangu," alisema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu zilikuja. Kabla haijafungwa. Zilikuja, nikazifuta."

Fundi aligeuka taratibu. "Zilikuja ngapi?"

"Tatu."

"Ukazisoma?"

"Ya kwanza. Iliandikwa... picha za utupu. Mwalimu mkuu alikuwa amesimama pale kaunta. Niliona haya, mke wangu. Nikasema nitajibu kesho. Halafu kesho..." Akamtazama Nesi. "Shemeji hakubonyeza kitu. Ni mimi."

Katibu alisubiri matusi. Angeyashukuru. Angevumilia hata mkasi. Lakini Fundi aliweka mkono kwenye gurudumu la cherehani iliyokuwa kando yake, akalisukuma mbele kidogo, akalirudisha.

"Ulikuwa unamwonea haya nani?" aliuliza mwishowe. "Mwalimu mkuu? Au mimi?"

"Si wewe..."

"Maana hizo picha ni kazi yangu. Mikono ni hii. Na wewe ulikuwa unakula hapahapa, unanisikia nikicheka na wale wanawake, unasema hongera mke wangu. Kumbe mbele za watu tulikuwa uchafu wa kufutwa." "Na juzi umekaa pale na gazeti, unanisikiliza nikimtukana mtoto wa mama yangu."

Katibu alilia. Alilia vibaya, kwa kelele, kama asiyezoea, na hakuna aliyemwambia nyamaza.

Fundi akamgeukia mdogo wake. "Wewe ulijua?"

"Tangu jana."

"Ukanyamaza?"

"Ningesema mimi, dada, ungekuwa uchongezi. Niliona aseme mwenyewe."

Fundi alimshika mkono, akaukamata kwa nguvu, kidole kikatoka juu ya ile karatasi. "Hata ile saa ya baba," alisema, "ilikuwa mbovu kabla hujaifungua. Nilikuwa najua." Wakacheka kidogo, wakalia kidogo, na Katibu hakuwamo.

Walichagua pale pa tatu. Walilipia kwa kadi ya Nesi. Barua zitakwenda kwa Fundi mwenyewe, kwenye anwani yake mwenyewe, aliyofunguliwa jioni ileile na mdogo wake. Nakala itatolewa kila Ijumaa kwenye flashi na kuwekwa ndani ya kopo la vifungo. Yote hayo hayakurudisha hata neno moja la yale yaliyofutwa.

"Naomba nifanye kitu," alisema Katibu.

"Utafanya," Fundi alimjibu bila kumtazama.

* * *

Usiku uleule Katibu alikwenda dukani akachapa vikaratasi mia mbili. Sidiria za waliofanyiwa upasuaji wa titi, Fundi yupo, anwani mpya ni hii. Chini kabisa Fundi alimwamuru aongeze kwa herufi kubwa: WA KUSHOTO, YAKO IKO TAYARI. Na Ijumaa, siku ya kliniki, akaenda kuvigawa yeye mwenyewe, mlangoni mwa hospitali, kuanzia saa mbili asubuhi.

Mwanzoni alivitoa huku anatazama viatu vya watu. Mlinzi wa geti alichukua kimoja, akakisoma kwa sauti mbele ya wenzake, akauliza, "Mzee, siku hizi umeingia biashara ya sidiria?" Wakaangua kicheko. Katibu aliona masikio yanachemka, yaleyale ya kaunta. Mguu mmoja ulikuwa tayari umegeuka kuondoka.

"Ni kazi ya mke wangu," alisema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Mke wangu ni fundi. Anawashonea wagonjwa." Mlinzi akakitazama kikaratasi tena, akakikunja, akakitia mfukoni. Dada yake, alisema, alikatwa mwaka jana.

Jumamosi hakuna aliyeandika. Fundi alifagia, akapiga pasi, akakaa. Kila simu ilipolia aliirukia. Saa tisa alasiri akaitoa sidiria msumarini, akaipakata.

"Saa hizi wanaingia ukumbini," alisema.

Katibu alikuwa mlangoni. Alitaka kusema samahani, lakini alikuwa ameshaisema mara nyingi mno tangu Alhamisi, imeisha ladha. Akaenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika.

Jumatatu, ambayo nayo ni siku ya kliniki, aliomba ruhusa kazini akarudi na vikaratasi vilivyobaki. Safari hii aliwatazama watu usoni, akawaamkia, akawaeleza. Wengine walimshukuru, wengine walipita. Alirudi nyumbani jioni, jua bado liko juu ya paa za jirani, akamkuta mkewe amesimama katikati ya chumba na simu mkononi.

"Kaa," alisema Fundi. Akamsomea.

"Mimi Wa Kushoto. Leo nimepewa karatasi na baba mmoja mlangoni. Wiki ile nilipokuta mmefunga nilisema basi, wametuchoka. Kisha nikasema hapana, Fundi hawezi, labda mumewe ndiye aliyeona haya. Sikumlaumu, hata wangu huona. Jumamosi nilijaza soksi za mwanangu. Ilipofika kupiga picha niliogopa zitashuka, nikaenda jikoni nikasema naangalia vyombo. Wamepiga bila mimi. Harusi ilipendeza. Sidiria kama bado ipo naiomba, nitamtuma mtu."

Fundi akaiweka simu mezani mbele ya mumewe.

"Jibu."

"Mimi?"

"Ametaja mume. Hapa mume ni nani?"

Katibu akaisogeza simu. Vidole vilivyoandikia mji mzima barua za radhi havikujua pa kuanzia. Aliandika, Ndugu mteja, akafuta. Aliandika, Kutokana na hitilafu zilizojitokeza, akafuta hiyo pia, mkewe anamtazama. Mwisho akaandika: Mama, ulisema kweli. Aliyeona haya ni mimi. Picha yako ya harusi nimekukosesha mimi. Sidiria yako mke wangu aliimaliza mapema, na lesi aliiweka.

Akaisoma. Itakaa pale kwenye blogu, mbele ya wanawake wote, mbele ya mwalimu mkuu akitaka, mbele ya yeyote mwenye simu. Kidole gumba kikaanza chenyewe kwenda kwenye alama ya kufuta.

"Usifute," alisema Fundi.

Akabonyeza tuma.